Wanja

Gramu ishirini na tano: hiyo ndiyo mizani yangu,
mimi nisiyejua vina.
Ngozi ya shingo, kipande cha paja,
naviponda katika mchuzi usionukia bizari,
nafunga, nalaza kwenye joto la thelathini na saba,
joto la mtoto asiye na homa.

Kuku ni wa Mama Umazi, soko la Malindi,
kibanda cha nne kutoka bomba kavu.
Walikula watu wa arusi kule Barani,
kumi na tisa wakalazwa,
bi arusi mwenyewe na hina yake mbichi,
sindano ya dripu imechomwa katikati ya maua.

Mjini wameshahukumu.
Ni wali uliolala. Ni kijicho. Ni hawa kuku wa kisasa.
Mimi sina ulimi huo. Mdudu huyu hana harufu,
hageuzi rangi ya nyama wala utamu wake;
hutulia kama mgeni anayejua saa ya chakula.

Siku ya pili namhamishia mchuzi mwingine, mkali,
unaoua wenziwe ili abaki peke yake.
Saa nane usiku umeme ukakatika.
Nilikwenda na pikipiki kuwasha jenereta,
nikakaa nayo hadi alfajiri,
kama anayeuguza.

Siku ya tatu nafunua kisahani chekundu,
kikaniangalia:
vidoa vyeusi, kila kimoja na duara lake,
macho yaliyotiwa wanja.

Wale kuku walio hai bandani niliwapangusa pia.
Wazima. Visahani vyao vyekundu vitupu.
Wanja umetoka kwenye ndoo,
ndoo ya buluu anamochovya kuku arobaini
maji yale yale,
maana mtungi ni shilingi hamsini
na bomba la soko halijakohoa tangu Ramadhani.

Kwenye ripoti pana nafasi ya *chanzo*,
sentimita nne tu.
Kuku? Ndoo? Umazi,
aliyenikopesha vipapatio mwaka mzima wa chuo
na hakuniandika daftarini?
Nimeandika *ndoo*. Nikapiga mstari.
Nimeandika *bomba*, nikajua afisa atacheka,
nikaliacha.

Kisha nikampigia simu kabla mtu mwingine hajampigia.
Nikamwambia, mama, leo usichovye.
Akanyamaza. Nikasikia kuku, na kisu kikiwekwa chini.
"Haya," akasema. "Niwaoshe na nini?"