Pacha wa Kiwanda

Kwetu mapacha hawapewi nusu nusu.
Mama alinunua viatu jozi mbili, madaftari mawili,
na Mbuyi alipougua surua
mimi, Kabange, nilimezeshwa dawa nikiwa mzima.
"Ukimpa mmoja," alisema, "yule mwingine anasikia."

Sasa injinia Kapinga anatuambia, sisi wa zamu ya usiku,
kwamba kiwanda nacho kimepata pacha.
Anakaa ghorofani, ndani ya kioo,
penye kiyoyozi na viti visivyojua vumbi.
Matanuru yake matatu yanawaka bila kuunguza,
kreni yake inabeba shaba isiyo na uzito,
na sisi tumo: nukta za bluu,
kila mtu na namba iliyobanwa kwenye kofia.
Nilijitafuta. Nilikuwa mia moja na saba,
nimesimama karibu na mizani, sina uso,
sina hata njaa.

"Humu," akasema Kapinga, "tunaweza kuua mtu
mara mia kabla ya chai,
tujue anafia wapi, kisha tuparekebishe."
Watu wakacheka.
Mimi nilikitazama kile kioo
kama anayetafuta kaburi kwenye nyasi.

Nikamwambia: mama injinia, pacha wako mwongo.
Hapa, kati ya tanuru la tatu na shimo la makapi ya moto,
umeweka ukuta.
Upo, sikatai, ramani inausema.
Lakini bati moja limelegea tangu kampuni haijabadili jina,
na hapo ndipo tunapopenya, wote, kwenda kunywa maji,
maana bomba liko mbali kama Likasi
na msimamizi anahesabu dakika.
Hapo ndipo Mbuyi

Sikumaliza. Hakunihimiza.
Alivuta kiti, akaufungua ukuta kwa kidole,
akauliza upana wa bati, mteremko,
kama sakafu huloa (huloa),
kama kreni hupita juu (hupita, saa tisa),
na nani mwingine aliwahi kuteleza pale.

Kimya. Kwetu kuteleza bila kufa ni kukatwa posho.
Kisha Tshibangu akainua mkono wenye kovu.
Kisha Mulaji. Kisha, taratibu, msimamizi mwenyewe.
Tulimlisha pacha usiku ule
mambo tuliyowaficha wake zetu.

Akabonyeza. Nukta ikatoka, ikainama penye bati,
ikafika chini ya kreni, ikawa nyekundu.
Tena. Nyekundu. Tena.
Mara ya kumi na tisa ikapita, tukashusha pumzi.
Ya ishirini ikazimika.
Nilitaka kumwomba aiache ipumzike.

Juma lililofuata bomba likaletwa upande wetu,
bomba tu, la chuma, lenye koki ya njano,
lile tuliloliandikia barua miaka sita.
Bati wakalipiga misumari.
Nilikunywa hadi tumbo likauma.

Alfajiri narudi Katuba,
dohani kuu mgongoni, na mlima mweusi wa makapi.
Mama ameandaa sahani mbili za bukari, kama kawaida yake.
Mimi hula yangu, ile nyingine hatuizungumzii.
Leo nikasema: mama, nimemwona.
Wanamtuma kila usiku apite mahali petu,
anaanguka yeye, sisi tunarudi.

Hakushangaa. Alifunua sufuria.
"Basi atakuwa na njaa,"
akaongeza samaki.