Balansi

Ng'ambo ya geti, upande wa Kenya, wanasema chenji.
Huku Busia yetu, ukitoa noti ya elfu kumi
ukachukua kipande cha sabuni na chumvi,
unasimama mkono wazi, unadai balansi.
Muuza duka akikosa sarafu
anakudondoshea pipi mbili kiganjani:
balansi yako hiyo, dada, ilambe.

Mimi neno hilo nililijua kwanza kwa goti.
Baba yangu, Egesa, alikuwa mtu wa baiskeli.
Trei kumi na mbili za mayai nyuma,
madumu ya mafuta ubavuni, mawili huku, mawili kule,
na baina ya geti na geti hakuvunja yai
ila mara moja, na usiku huo
tulikula mayai mpaka tukayachukia.
Alinipandisha kwenye tandiko, miguu haifiki pedali,
akanisukuma mteremko wa nyuma ya maghala
huku akipiga kelele: Balansi! Balansi!
Nikaanguka.
Akanipangusa damu kwa shati lake, akasema
usitazame gurudumu, tazama unakokwenda.

Darasa la sita, Madam Nabwire akachora mstari wima ubaoni,
kushoto tarakimu, kulia tarakimu,
pande zote mbili, akasema, lazima zibalansi.
Nikanyosha mkono:
na anayesukuma kwa nyuma, yeye anaandikwa wapi?
Darasa zima lilicheka. Madam hakucheka.
Jumatatu iliyofuata paredi ikasomewa majina:
wenye balansi ya karo, chukueni mabegi.
Nikalichukua langu.
Njia nzima nilitembea juu ya ukingo wa mtaro,
mikono nimeitandaza, sikuanguka hata mara moja,
na bado nilikuwa nimerudishwa nyumbani.

Baadaye nilinunua kamusi, kuukuu, haina jalada.
Mizani, ilisema. Salio. Baki. Urari.
Urari! Neno zuri, limekaa kama bibi harusi,
sijamsikia mtu akilitumia sokoni.
Kamusi haikuniambia jambo moja nililolitaka:
kwa nini ninachodaiwa na ninachodai
vinaitikia jina moja.

Kisha Tororo. Hospitali ya wenyewe, vigae vyeupe,
karani mwenye kucha safi.
Kuna balansi kidogo, alisema.
Kidogo! Laki sita na arobaini.
Baba alikuwa ameshakata roho tangu Ijumaa,
akalala siku tatu zaidi kwenye baridi ile,
yeye aliyelala na soksi hata Januari,
amewekwa rehani kama redio.
Tukauza mbuzi. Tukachangisha. Haikutosha.
Tukauza baiskeli
kwa kijana mmoja wa Dabani aliyeijaribu uani
na akayumba, na mdomo wangu
ukataka kufunguka, ukataka kumwambia.

Karani alihesabu mara mbili, akilamba kidole.
Akapitisha noti ya elfu mbili chini ya kioo:
Balansi yenu hii.
Mama akaipokea kwa mikono miwili.
Akasema asante. Ndivyo alivyolelewa.

Matanga yalipokwisha, Taaka wa duka la pembeni
alikuja na daftari lake la madeni.
Nikajua: hata huyu.
Akafungua ukurasa, akaweka kidole.
*Egesa, balansi 300.* Jumanne.
Alinunua betri, sikuwa na sarafu, akaniambia baki nayo, nitapita.
Akafungua fundo la leso.

Sikuichukua.
Mwaka wa pili sasa. Nikipita dukani kwake huniita,
we binti, balansi ya mzee bado ipo,
nami humjibu, iache ikae.
Mahali pengine pote jina lake limefutwa:
kwenye orodha ya geti, kwenye kadi ya chama,
kwenye bamba la baiskeli lililopakwa rangi mpya.
Pale tu, kwa kalamu ya bluu,
katikati ya watu wanaodaiwa,
baba yangu bado anadai,
bado alisema atapita.