Deni

Kaka yangu Mbugua alimwita Deni
kwa kuwa alipewa na mtu wa Njoro
aliyeshindwa kulipa magunia mawili ya viazi.
Mbugua alipokwenda zake, Agosti ile ya mvua,
deni likanifuata mimi hadi mlangoni,
masikio yamelegea, kamba ikiburuta.

Sasa ana miaka kumi na mmoja.
Likizo yangu huanza kwa simu:
"Mnapokea mbwa?"
"Tunapokea, madamu. Mbwa wote karibu."

Kule Kapsabet waliandika hivyo hata ukutani,
rangi ya buluu, na mchoro wa mbwa anayecheka.
Nyuma ya jenereta, kibanda cha mabati,
mnyororo wa hatua tatu,
sufuria kavu na nzi mmoja mfu ndani yake.
Mia tano zaidi, za usafi.
Tulilala garini, yeye na mimi,
kiwanda cha chai kikinguruma ng'ambo,
nikajua kwamba karibu ni neno tu
mpaka mtu asogeze kiti.

Shinyalu hapakuwa na kibao.
Palikuwa na Mmbone, mikono ina unga wa wimbi,
aliyefika getini kabla sijazima injini.
"Usimfungulie bado.
Nimlete wangu nje, wajuane barabarani,
mahali pasipo na mwenyewe."
Wakanusana mwendo wa mita mia,
sisi nyuma yao, kimya,
kama wazee wa pande mbili siku ya mahari.

"Anaitwa nani?"
Langu hakuliuliza hadi jioni.
"Deni."
Akacheka, akashika ua asianguke.
"Basi huyu alale ndani.
Deni ukiliacha nje, huzaa."

Sijui nani alimfundisha.
Tundu la ua lilikuwa limezibwa kwa miiba,
chini kabisa, pale jicho la mtu halifiki
ila pua hufika.
Kuku wamefungiwa. Sumu ya panya imepanda darini.
Nyuma ya mlango, kwa chaki: namba ya daktari wa mifugo,
na chini yake,
*Shitanda, boda. Anabeba mbwa. Haogopi.*
Gunia lilitandikwa mahali Deni angeona kitanda changu.
"Msituni hawaruhusu mbwa," aliniambia waziwazi,
"wewe nenda kwa ndege wako.
Mimi nina maharagwe ya kuchambua."

Saa tisa mvua ya Kakamega ikaja na mawe yake.
Deni huogopa radi.
Akatambaa chini ya meza ya chakula
walipokuwa wakila mwalimu Ingaiza na mkewe.
Nikaanza kuomba radhi.
Mwalimu akasogeza viatu, akaendelea na paja la kuku.
Mkewe, aliyeumwa na mbwa akiwa darasa la pili,
akapandisha miguu yote miwili kitini,
akatetemeka kidogo,
kisha akavuta kitambaa cha meza upande ule,
kikashuka hadi sakafuni,
ili mwenzake apate giza.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu ngedere waliingia mahindini
na Mmbone akamwita Deni kwa jina.
Alikwenda. Alibweka mara mbili, akaketi, akahema.
Ngedere mmoja akamtazama, akaendelea kumenya.
"Amelima," akasema Mmbone,
akampa ukoko wa ugali.

Asubuhi ya kuondoka aliandika hesabu
kwenye karatasi ya daftari la shule, herufi kubwa, polepole:

Chumba, siku tatu.
Mayai.
Maziwa, chupa mbili.
Deni: hakuna.

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama.
Nimeikunja pamoja na kitambulisho cha Mbugua,
kile ambacho sijakirudisha ofisini.
Mwenye jina alikuwa bado chini ya meza,
analamba mguu wa kiti
mahali supu ilipodondoka jana.