Mengine Yako Kwingine

Karani wa kale, yule wa Yerusalemu,
alikuwa na mkono mchoyo.
Mfalme atawale miaka hamsini na mitano,
ajenge, abomoe, amwage damu mtaa hadi mtaa,
yeye atamkatia aya kumi na nane
kisha apanguse kalamu:
mengine yamo kwenye kitabu kile kingine.

Kitabu kile kingine hakuna aliyekiona.

Nilikuwa nikilicheka jambo hilo, Sabato asubuhi,
hadi wazee wa sinagogi waliponituma Mbale mjini
kutafuta hati ya kiwanja chetu.
Chumba cha kumbukumbu kinanuka mkojo wa popo.
Bwana Gizamba, miwani yake imefungwa uzi,
alishuka na kidole ukurasa mzima, akaguna:
"Faili hilo lilipelekwa Entebbe."
Entebbe, baada ya siku mbili na nauli ya thamani ya mbuzi,
binti mwenye kucha nyekundu akanijibu
bila kuinua macho:
"Hilo lilirudishwa Mbale."

Nikamtambua karani wangu.
Hajafa. Amehamishwa kituo tu.

Babu Eriabu naye alikuwa karani,
ingawa hakuna aliyemwajiri.
Mwaka tuliokatazwa kusali kwa jina letu
alitia daftari lake la shule ndani ya chungu cha malwa,
akaziba mdomo kwa nta na udongo wa kichuguu,
akakifukia kwenye migomba,
kama yule nabii kifungoni
aliyenunua shamba mji ukiwa umeshazingirwa,
akaagiza hati itiwe chomboni idumu siku nyingi.

Nyingi ngapi, hakusema.
Cha Babu kilidumu miaka minane.
Mchwa walikula pembezoni, kwa adabu,
wakatuachia katikati:

Mvua imechelewa. Kahawa imeshuka bei.
Mtoto wa Yonasani ametahiriwa siku ya nane,
mlango umefungwa, redio imewashwa kwa sauti.
Askari amepita. Amesifu muziki.

Na chini kabisa, wino umefifia:
Mengine muulizeni Nasimolo.

Shangazi Nasimolo tulimzika mwaka juzi.
Alipokuwa akianza, "Siku ile ya redio..."
tulimwambia, Shangazi, ufuta unaungua.

Jana nimenunua daftari Barabara ya Naboa,
kurasa tisini na sita, jalada lenye twiga.
Najua mfalme mmoja alikata gombo kwa kisu,
kipande kwa kipande, akakitupa kwenye makaa,
kulikuwa na baridi;
na mwandishi akaketi akaanza upya
akaongeza na yasiyokuwamo.

Mimi sina cha kuongeza.
Nimeandika jina lake, Nasimolo.
Nimeandika ufuta, moshi, kicheko chetu.
Nimeandika kwamba alinyamaza akageuza kijiko.
Halafu nimeacha kurasa mbili tupu
na sikuandika kwamba ziko kwingine.