Ziwa Lisiloganda

Lugha ninayoandikia ina ubahili wake:
ziwa ni maji yaliyotulia, ziwa ni titi.
Huko Karakol, kando ya Isik-Kul,
maji hayagandi hata Januari.
Midomo ndiyo huganda, penye maana ya pili.
Wanawake husema "hapa," wakagusa kifungo cha koti.

Lori lililokuwa la maziwa
(bado lina ng'ombe aliyechorwa ubavuni)
sasa limebeba mashine ya eksirei,
hupanda malishoni mwezi Juni, nyuma ya kondoo.
Burulai alizikwea ngazi tatu akicheka:
"Nimekamua miaka arobaini,
leo zamu yangu."
Alishuka kimya.
Kwenye picha, doa jeupe, punje ya shayiri.

Daktari Noh alifika kutoka Daegu
na masanduku manne; mawili yalizuiwa forodhani.
Alisema Kikorea. Larisa Ogai akakipokea,
akakigeuza Kirusi. Nesi Jyldyz akakitia Kikirgizi.
Hadi neno lifike kitandani limeshavaa makoti matatu.
"Hatutakata lote," alisema Noh.
"Watakata lote," alisikia Burulai,
akageukia ukuta.
Ikabidi Kanykei, daktari wa hapo, ashike kalamu,
ajichore mwenyewe juu ya koti lake jeupe
mstari mfupi kama unyusi:
hapa tu. Lililobaki ni lako.

Kanykei alifundishwa na mkono mwingine.
Mwaka wa tisini na nne, umeme ukienda na kurudi,
mwalimu wake alikata titi, msuli, kwapa,
maana mionzi haikuwapo, dawa hazikuwapo,
kisu ndicho kilichokuwa dua.
Hamlaumu. Mama yake mzazi alilala kwenye meza ile
akaishi miaka kumi na sita,
mkono wa kushoto umevimba, hauwezi kuanika nguo.
Huko nako ni kupona.

Wiki ya kwanza walishona ngozi ya kondoo
iliyotandazwa juu ya donge la unga uliokandwa.
Jyldyz, mtoto wa washona mazulia ya sufu,
akatazama, akatikisa kichwa: uzi unavuta mno.
Akachukua sindano.
Noh akafumua wake, akaanza upya kwa mtindo ule.
Larisa hakuwa na la kutafsiri.

Siku ya kumi na moja.
Rangi ya buluu inadungwa kando ya chuchu,
inatambaa chini ya ngozi
kutafuta tezi ya kwanza, bawabu wa kwapa.
Noh yuko nyuma, mikono kaifungia mgongoni
kama mgeni aliyekatazwa kuosha vyombo.
Kanykei anapasua. Anangoja.
Anangoja tena.
"Ile," anasema Jyldyz.
Tezi moja, buluu kama wino wa shule.
Mama yake walimtoa kumi na nane.

Noh ameondoka. Chupa za rangi zimebaki sita
na barua ya wafadhili inasema "tutaona."
Saa kumi alfajiri Kanykei hutuma picha;
Daegu jua limeshatoka, majibu hurudi na mishale myekundu.
Juzi ilikuja picha isiyoombwa:
kijana wa Kikorea, ulimi nje kwa bidii,
anashona kama Jyldyz.

Burulai anadaiwa bado mionzi kumi na mitano,
kila wiki basi la Bishkek, mchana mzima.
Daktari hajamwambia "umepona," naye hajauliza.
Ila Jumapili, katika mvuke wa hamamu ya wanawake,
alimkuta Asylkan, jirani yake,
yule aliyelikimbia lori mara mbili.
Akashusha taulo. Unyusi ule, mwekundu bado.
Akaushika mkono wa Asylkan,
vidole vitatu, bapa, kwa mduara, polepole,
wala hakusema "hapa."
Alilitaja jina lake, kwa sauti, wanawake wote wakageuka.
"Sasa," akasema, "tafuta lako."