Goti la Baba

Baba yangu hakuua mtu. Alihesabu hatua.
Ndiyo kazi aliyopewa jeshini:
kutembea sawasawa, mdomo umefumbwa,
na kila ikitimia elfu
kulihamisha kokoto kutoka mfuko wa kulia
hadi wa kushoto.

Wenzake walivuka Graniko kwa upanga,
yeye alivuka kwa hesabu.
Mbele ya kuta za Tiro, miezi saba, hapakuwa na hatua,
akajifunza kushona viatu.
Ikulu ya Waajemi ilipoteketea
alikuwa nje ya lango, ameinama,
akitafuta kokoto lililomponyoka.

Kisha, kwenye kivuko cha Oksa, mshale
ukamwingia chini ya goti.
Hakusema. Nani amlipe kiwete kwa kutembea?
Akafunga kitambaa, akameza uchungu pamoja na vumbi,
na tangu siku ile hatua yake ikapungua vidole vinne,
naye akaendelea kuiandika nzima.

Ndiyo maana, katika magombo yao,
mashariki yote ni ndefu kuliko ilivyo.
Milima imesogezwa. Msafara unaoamini wino
hufika kabla ya kufika, ukabaki umeduwaa.
Mfalme alijisifu kateka nchi isiyo na mwisho;
sehemu ya ukubwa huo
ni goti la Timandro.

Mama, Humaya, alitoka kijiji kisichoandikwa.
Gombo linasema tu: *Toka ngomeni hadi kivukoni,
stadia mia mbili na kumi. Maji yapo.*
"Na makomamanga?" mama alimuuliza
miaka kumi baadaye, akimenya vitunguu.
"Na nyumba ya mjomba? Na ule moshi?"
Baba akajibu kuwa safu ilikuwa nyembamba.
Usiku ule alilala zizini.

Habari za kifo cha Babeli zililetwa na mwuza chumvi
pamoja na bei mpya ya chumvi.
Wayunani wa ngomeni wakalia, wakacheka,
wakafunga mizigo: twende kwetu!
Baba alibaki kizingitini akisugua goti.
"Wao wanajua jina la kwetu," akasema.
"Mimi najua umbali wake."
Hawakufika. Waliweka mikuki chini kwa ahadi,
na watu wa lugha yao wenyewe
wakawamaliza.

Sasa yule kijana wa Makedonia yumo kwenye sarafu,
pembe za kondoo zimemzunguka sikio.
Wanangu huirusha juu ili kuamua nani akachote maji.
Wafuga farasi wanaapa madume yao ni uzao wa farasi wake;
hata punda mkaidi, bonde hili, ana nasaba.
Miji mitatu ya njia hii inaitwa kwa jina lake,
na wakazi wake wanagombania mfereji mmoja.

Baba nimemzika juu ya mfereji huo.
Kutoka mlangoni nilihesabu: sabini na tatu kwenda,
sabini na moja kurudi.
Nikarudia. Haikulingana.

Mifukoni mwake makokoto yalikuwamo bado,
kulia mengi, kushoto machache,
na moja nililitoa mdomoni nilipomwosha,
laini kama jino.
Sijui lilikuwa elfu ya ngapi.