Sangara Hazaliwi Baridi

Miaka tisa nilipasua sangara Masese,
mimi Mudhasi, buti nyeupe, glavu za mpira,
minofu kushoto, mifupa kulia,
bondo kwenye ndoo ya msimamizi,
na sikuwahi kumwona hata mmoja akipumua.
Waliletwa wamelala juu ya barafu, macho wazi,
nami nikadhani, Mungu anisamehe,
kwamba sangara huzaliwa baridi.

Kiwanda kilipofungwa walituachia buti.
Ndizo nilizovaa leo, kwenye gati la zamani
pale reli inapoingia ziwani bila kuaga,
na mwalimu wangu ana miaka kumi na mmoja.

Kagoya, pacha wa pili.
Babirye yuko darasani; karo ilitosha mmoja,
hivyo hupokezana kwa muhula.
Muhula huu Kagoya anavua.

Anaigeuza ndoana yangu kwenye mwanga.
"Hii si ndoana, ni nanga.
Ngege ana mdomo wa bibi harusi,
mdogo, na hataki kuonekana akila."
Ananipa yake, nyembamba kama kucha ya mtoto mchanga.
Boya lake ni kipande cha kandambili ya bluu,
chubwi ni nati ya baiskeli,
ufito ni mwanzi wa mtu, sitasema nani.
Chambo: posho ya jana, imekandwa
pamoja na pamba aliyoichomoa godoroni
isije ikamung'unyuka majini.
Nyungunyungu tumwachie furu, asiyechagua.

"Boya likicheza, usimjibu.
Likilala ubavu, usimjibu.
Likianza kutembea
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani,
hapo inua. Kiwiko tu, si bega."

Nilijibu kwa bega.
Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
korongo wakinitazama toka paani kama wadai.
Ya nne, kiwiko:
ngege, mpana kama sahani ya chai,
akapigapiga kwenye buti langu la kiwandani.

Kufikia saa kumi tulikuwa nao wanne.
Ndipo Kagoya akasema, bila kunitazama,
"Mputa hawaji kwangu."
Ana mshipi mnene, ana furu hai kwenye kopo,
anawatunga kwa mkia, anangoja, hawaji.

Hapo nami nilikuwa na la kusema.
"Mwanangu, nimeyafungua matumbo yao.
Nimekuta dagaa, nimekuta uduvi,
nimekuta watoto wao wenyewe.
Na furu, kila furu niliyemtoa,
alikuwa amemezwa kichwa kwanza."

Akanyamaza kidogo, kama anayepiga hesabu.
Akatoa furu, akapitisha ndoana mdomoni, polepole,
akamwacha aogelee kandokando ya mawe
kama hajafungwa na kitu.

Sangara habishi hodi.
Habusu, hatembezi boya.
Mshipi ulikuwa umelala, mara ukawa haupo,
na Kagoya akapaza sauti, "Usizungushe mkononi,
utaacha kidole!" Nikauachia, nikauvuta,
nikauachia, viganja vikiwaka moto,
mpaka akaja juu, akafumbua kinywa,
akatikisa kichwa kukataa ziwa zima.

Nilimshika. Hakuwa baridi.
Alikuwa na joto la maji ya jioni,
na macho yake yaling'aa dhahabu
kwa namna ambayo barafu haikuwahi kunionyesha.
Mashavu yalifunguka, yakafunga,
na kule ndani ninakokujua kama mfuko wangu
kitu kilikuwa kinagonga.

Kagoya akamlaza kwenye mwanzi,
penye alama ya wino.
"Mfupi. Vidole viwili."
Akanitazama mimi, si samaki.
Hakuna aliyekuwa gatini ila sisi na wadai wa paani,
na vidole viwili ni kitu gani
kwa daftari, kwa sare, kwa zamu ya muhula ujao?

Nilipiga magoti nikiwa na buti zangu.
Nikamrudisha kichwa kwanza.

Niliposimama nikatafuta neno la kumwambia,
lakini Kagoya alikuwa ameshaanza
kukanda posho.